Hodi ya Kadi ya Sauti

Sauti inapochezwa, kadi huchota data kutoka bafa iliyo kwenye kumbukumbu ya kompyuta, ikifika mwisho hurudi mwanzo. Kila inapomaliza kipande kimoja hubisha hodi kwa prosesa: hutuma ishara ya kukatiza. Sauti ikienda fremu 48,000 kwa sekunde, kipande cha fremu 1,024 huisha kwa milisekunde 21 hivi. Bafa ikikauka kabla hodi haijaitikiwa, sauti hukatika.

Mwandishi wa tawasifu hii aliingia kazini wakati mfumo wa sauti wa ALSA, uliopokewa kwenye kerneli ya Linux mwaka 2002, ukichukua nafasi ya mfumo wa awali, OSS. Kiendeshi alichokabidhiwa, cha kadi ya PCI, kilipokea ishara kwa funksheni moja ndefu. Ilisoma rejista ya hali, ikafuta biti zote, hata zilizowaka baada ya kusomwa, na kila mara ikajibu kwamba ishara ni yake. Hapo palikuwa na hatari. Kwenye PCI vifaa kadhaa huchangia waya mmoja, na aliyebisha huenda ni kadi ya mtandao. Tangu 2003 kerneli hudai jibu la kweli, IRQ_HANDLED au IRQ_NONE. Katika ishara 100,000, zaidi ya 99,900 zikikosa mwenyewe, waya hufungwa. Kiendeshi kinachodai kila hodi hukificha kifaa kibovu.

Hayo yalirekebishwa kwa siku moja: biti zikafutwa zile tu zilizosomwa. Kufuli ndilo lililomchukua wiki. Kwa kupenda unadhifu, mwandishi aliifungia funksheni nzima ndani ya kufuli linalolinda rejista, pamoja na mwito wa snd_pcm_period_elapsed. Mwito huo huuliza kadi imefika wapi, na bafa ikiwa imekauka huiamuru isimame. Amri ya kusimama nayo ilidai kufuli lilelile. Kwenye mashine yake ya prosesa moja hakuona kasoro: kerneli iliyojengwa kwa prosesa moja huyaondoa makufuli ya aina hiyo. Kwenye mashine ya mtumiaji mmoja, yenye prosesa mbili, wimbo ulikatika na kompyuta ikaganda, prosesa ikijisubiri yenyewe.

Tiba ilikuwa mistari miwili: kuliachia kufuli kabla ya mwito, kulishika tena baadaye. Mwandishi akaomba kuazima mashine ya prosesa mbili, akaiacha ikicheza usiku kucha huku mafaili yakinakiliwa mtandaoni kupitia kadi iliyochangia waya uleule. Asubuhi ilikuwa bado inaimba.