Nilifuata Gobore, Nikakutana na Tanuri

Meli ya MV Victoria huondoka Mwanza usiku, ikapita Kemondo, kisha ikamalizia safari Bukoba asubuhi. Nilikuwa sijawahi kuvuka Ziwa Victoria, na usingizi ulinipitia mbali. Mtu wa umri wangu hapandi meli katika njia hii bila kuikumbuka MV Bukoba, iliyozama na mamia ya abiria tarehe 21 Mei 1996. Kulipokucha na vilima vya Bukoba kujitokeza, nilishusha pumzi.

Kilichonipeleka huko ni gobore. Marekani kuna watu wanaonunua gobore likiwa vipande ndani ya boksi: mtutu umeshatobolewa, mtambo wa kufyatulia uko tayari, kitako kimechongwa nusu. Mnunuzi hukaa nyumbani na tupa, msasa na mafuta ya mbao, akaunganisha mpaka bunduki ikasimama. Nikajiuliza, asiye na boksi huanzia wapi? Huanzia kwenye chuma. Na katika nchi yetu, anayeuliza habari za chuma cha kale huelekezwa Kagera.

Bukoba yenyewe ilizaliwa na bunduki. Emin Pasha aliianzisha mwaka 1890 kuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa kutoka Kisumu, wakapigana siku mbili, wakauteka mji na kuubomoa mnara wa simu ya upepo, kisha wakaondoka. Miongoni mwao alikuwamo Frederick Selous, mwindaji aliyekwisha kupita miaka 60. Huyu ndiye aliyeanza kazi yake ya kuwinda tembo kusini mwa Afrika kwa magobore mazito ya kushindilia, na ndiye aliyeuawa vitani upande wa Rufiji mwaka 1917.

Kesho yake nilipanda daladala kuelekea Maruku, nikashukia njia ya Katuruka. Njiani nilijifunza kuitazama nchi ya Wahaya kwa sura mbili. Kuna kibanja, yaani migomba iliyosongamana na mibuni chini yake, nyumba ikiwa katikati. Halafu kuna rweya, uwanda wa nyasi wenye ardhi duni ambao mgeni hupita bila kuuangalia. Kumbe mali ya wahunzi ilikuwa huko huko rweya, kwenye mawe mekundu yenye madini ya chuma.

Katuruka ni mahali pa Rugomora Mahe, mfalme wa karne ya 17. Wazee husimulia kwamba aliwaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni, nao ukaanguka. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt kutoka Marekani aliyasikiliza masimulizi hayo, akachimba pale wazee walipomwonyesha. Alikuta mabaki ya kazi ya chuma ya kale kuliko mfalme huyo kwa karne nyingi. Leo wanakijiji wamepageuza mahali hapo kuwa kituo cha kumbukumbu, na mgeni anakaribishwa.

Mwenyeji wangu aliniokotea bonge jeusi lenye vinyweleo. "Mavi ya chuma haya," akasema, yaani masazo ya madini yaliyoyeyushwa. Nilipolishika, uzito wake ulinishangaza.

Habari ya tanuri la kuyeyushia chuma hicho ndiyo iliyoniweka pale mpaka jua likazidi kichwa. Kuanzia mwaka 1976 Schmidt na mwenzake Donald Avery, mtaalamu wa madini, waliwaomba wazee walioyeyusha chuma ujanani waifufue kazi hiyo, iliyokuwa imekufa baada ya vyuma vya bei rahisi kutoka Ulaya kujaa sokoni. Wazee walichimba shimo, wakalijaza matete yaliyochomwa, wakainua kuta kwa udongo wa kichuguu na mabonge ya mavi ya chuma. Kisha wakapenyeza mabomba 8 ya udongo wa mfinyanzi hadi ndani ya tanuri, na kila bomba likapulizwa kwa mivukuto ya mbao na ngozi ya mbuzi. Kwa kuwa mabomba yalikuwa ndani ya moto, hewa ilipata joto kabla ya kuufikia mkaa. Wataalamu hao walitangaza mwaka 1978, katika jarida la Science, kwamba joto lilizidi nyuzi 1,800, na kwamba mbinu hiyo ilizaa chuma cha pua katika eneo hili kwa muda wa karibu miaka 2,000. Wapo wenzao walioibisha hoja ya hewa kupashwa joto. Hakuna aliyebisha kwamba chuma kilipatikana.

Baada ya Katuruka nilipanda Hiace hadi Muleba. Pembeni mwa soko nilimkuta mhunzi mzee akifua mundu kutoka kwenye springi ya gari. Nikamwamkia shikamoo, nikamweleza kilichonileta. Akacheka.

"Mwanangu, kitako nitakuchongea, na mdeki wa kushindilia nitakutengenezea. Mtutu hapana. Mtutu ukiwa na ufa, baruti haitamuua nguruwe, itakuua wewe."

Maneno yake yanalingana na historia. Magobore mengi ya Afrika Mashariki yaliingia kwa biashara ya Zanzibar, yakiwa yamechoka Ulaya. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa zisimfikie Mwafrika, ukaacha upenyo kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Ndiyo sababu gobore lilidumu vijijini, likilinda mashamba dhidi ya ngedere na nguruwe.

Siku hizi kuunda gobore si kazi ya kujaribia uani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kumiliki au kutengeneza bunduki bila kibali, na gobore ni bunduki. Aliyeachiwa na babu gobore lisilo na kibali alipeleke polisi.

Kwa anayetamani raha ya kuunda kitu kwa mikono yake, Kagera ina somo kubwa kuliko boksi la vipande. Walimu wa historia wa Bukoba na Muleba, wapelekeni wanafunzi wenu Katuruka. Na wewe msomaji, ukifika Bukoba kwa ajili ya senene na upepo wa ziwa, tenga nusu siku uende. Ni mwendo mfupi kutoka mjini.