Mboga za Kujaza na Fungu la Mtoto

Mwezi huu twataka kunena juu ya jambo la jikoni. Labda wengine watauliza, Walimu wana shughuli gani na sufuria? Twajibu kwamba mtoto aletwaye shuleni huletwa pamoja na mwili wake, na mwili huo umejengwa kwa vile alivyokula nyumbani, na kwa vile alivyokula mama yake alipokuwa na mimba. Kwa hiyo hatuoni haya kuandika habari za chakula. Tena twaandika habari za chakula cha namna moja tu, yaani mboga zilizojazwa.

Nyanda zetu za Juu Kusini ni nchi ya chakula. Milima ya Uporoto hutoa viazi, Kyela hutoa mchele, Rungwe hutoa ndizi. Ilula, katika mkoa wa Iringa, hujulikana kwa nyanya na vitunguu. Na maharage hulimwa karibu katika kila kijiji. Malori hupita katika barabara kuu mchana na usiku, yakipeleka mazao yetu Dar es Salaam na kwingineko. Mtu akitazama mashamba haya atasema, Hapa hakuna njaa.

Lakini mwaka 2022 ulifanyika upimaji mkubwa wa afya katika nchi nzima, na watoto walio chini ya miaka 5 walipimwa kimo. Ilionekana kwamba katika Tanzania yote watoto 30 hivi katika kila 100 wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Katika mkoa wa Iringa walikuwa 57 katika kila 100, nao ndio mkoa ulioshinda mikoa yote kwa ubaya huo. Katika mkoa wa Njombe, ambao kabla ya mwaka 2012 ulikuwa sehemu ya Iringa, walikuwa nusu nzima. Basi hili ni neno la kutuinamisha vichwa. Ghala limejaa, na mtoto wa mwenye ghala hakui!

Sababu zake ni nyingi, wala hatutaki kumdanganya msomaji kwamba ni moja. Mama mwenye mimba hufanya kazi nzito ya shamba na kula kidogo. Mtoto mchanga hupewa uji mwepesi wa mahindi matupu, tena mara mbili tu kwa siku. Maji machafu huleta kuhara, na kuhara huondoa kile kidogo kilicholiwa. Mambo hayo yote yataka dawa yake. Lakini iko sababu nyingine iliyo mbele ya macho yetu kila jioni, nayo ni bakuli la kitoweo.

Tuangalie jinsi tulavyo. Ugali huwekwa katikati, na kitoweo katika bakuli moja. Watu wazima na vijana hukata tonge haraka, huchovya, na mikono yao hujua mahali nyama ilipo. Mtoto wa miaka 3 au 4 ana mkono mdogo na meno machache. Yeye hukata tonge lake polepole, hulichovya katika mchuzi, na anapofika mara ya tano bakuli limekwisha kubaki maji tupu. Huinuka na tumbo lililojaa, na mama yake hufurahi, akisema, Mwanangu ameshiba. Ndiyo, ameshiba mahindi na mchuzi. Maharage, nyama na samaki, vile vijengavyo mwili, vimekwenda kwa wengine. Hakuna aliyemnyang'anya kwa kusudi. Ni mwendo wa mikono tu. Wala hatusemi kwamba desturi ya kula pamoja ni mbaya, maana hufundisha upendo na subira. Twasema tu kwamba bakuli la shirika halina macho ya kumtazama aliye mdogo.

Hapo ndipo mboga za kujaza zinapotufaa. Mboga iliyojazwa huhesabiwa. Nyumba yenye watu sita hupikiwa pilipili hoho sita, na kila mtu huwekewa yake katika sahani. Maharage yaliyomo ndani hayawezi kukimbiliwa na mkono wa mwingine, maana yamefungiwa nyumbani mwake. Mtoto aweza kula polepole apendavyo, na fungu lake lamngoja. Mama naye, ambaye mara nyingi hula mwisho, akute nini katika sufuria? Akute pilipili yake moja nzima, kama wengine.

Chakula hiki si kigeni duniani. Waturuki hukiita dolma, na maana ya neno hilo ni kitu kilichojazwa. Waarabu hukiita mahshi, na maana yake ni ile ile. Wahindi nao hujaza biringanya na karela kwa viungo. Huenda mtu wa kijijini akasema, Hayo ni mapishi ya wageni, sisi twajua ugali na maharage. Ndugu, hata mahindi ya ugali wako yalitoka Amerika, na maharage pia, pamoja na viazi, nyanya, karanga na pilipili. Biringanya ilitoka Asia, na kabichi ilitoka Ulaya. Vyote vilikuja vikiwa wageni, vikapewa shamba, na leo ni wenyeji. Basi, ikiwa tuliipokea mbegu, kwa nini tusiipokee na namna ya kuipika?

Sasa tueleze kazi yenyewe, kwa nyumba ya watu sita. Chukua kikombe kimoja cha maharage makavu, uyachague, uyaroweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, uyachemshe katika maji mapya hata yawe laini kabisa. Msomaji wa Mbeya asishangae maharage yakikawia kuiva kuliko yale ya pwani. Mji wa Mbeya uko juu ya bahari kadiri ya mita 1,700, na mahali pa juu namna hiyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95 za joto, wakati yale ya pwani huchemka kwa nyuzi 100. Maji yetu huruka na kutoa mvuke kama yale ya pwani, lakini joto lake ni pungufu. Ndiyo sababu kuroweka si anasa kwetu. Huokoa kuni nyingi.

Maharage yakiisha kuiva, yaponde kwa mwiko, yasiwe uji. Kaanga kitunguu kimoja katika mafuta kidogo, tia nyanya mbili, karoti iliyokatwakatwa na chumvi. Kisha tia maharage pamoja na vijiko vitatu vya karanga zilizokaangwa na kutwangwa. Karanga zilizoota kuvu, au zilizonyauka na kubadilika rangi, zitupwe, maana zina sumu isiyoondoka kwa kupikwa. Koroga hata mchanganyiko ushikamane. Mwenye kupata usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa wauzwao wakavu sokoni, awakaange kidogo, awatwange, achanganye. Mwenye yai alivunje humo ndani. Mwenye kipande cha nyama akikatekate kidogo kidogo. Nyama ambayo katika bakuli la mchuzi ingewatosha watu wawili wenye mikono miepesi, hapa itagawanyika kwa wote sita. Wazee walisema, Haba na haba hujaza kibaba.

Kisha chukua pilipili hoho sita, zile kubwa zisizowasha. Kata kichwa cha kila moja kama mfuniko, toa mbegu, jaza, urudishe mfuniko wake. Zisimamishe katika sufuria zikiwa zimebanana bega kwa bega, zisianguke. Mimina kando yake maji kidogo yenye nyanya iliyopondwa, yafike robo ya kimo chake. Funika, weka juu ya moto mdogo, na kama mfuniko ni wa bati nzito, palia makaa machache juu yake. Baada ya nusu saa hivi zitakuwa zimeiva. Tanuri halihitajiwi. Wala usizipike hata zikavunjika, kwa sababu pilipili hoho ina vitamini C nyingi, nayo hupotea kwa moto wa muda mrefu. Vitamini hiyo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo katika maharage, na madini hayo ni sehemu ya damu. Ndiyo sababu twasema mboga na cha kujazia ni kama mume na mke wapendanao. Kila mmoja humzidishia mwenziwe nguvu.

Asiye na pilipili hoho ana mlango mwingine. Biringanya hupasuliwa katikati kwa urefu, nyama yake hukombwa kwa kijiko, hukatwakatwa na kupikwa pamoja na maharage, kisha hurudishwa ndani. Nyanya kubwa ngumu hukombwa vile vile, na maji yake huingia katika mchuzi; lakini hiyo yataka moto wa muda mfupi tu. Majani ya kabichi huchovywa katika maji ya moto hata yalainike, huwekewa kijiko kimoja cha mchanganyiko, hukunjwa kama barua, na kupangwa chini ya sufuria upande wa mkunjo ukiwa chini. Viazi vikubwa huchemshwa na maganda hata vikaribie kuiva, hukatwa, hukombwa, na kile kilichokombwa huchanganywa na maharage. Hata boga dogo laweza kujazwa zima, na mbegu zake zikakaangwa na kutwangwa, zikatumika badala ya karanga. Hakuna kinachotupwa.

Zipo hoja mbili tunazozisikia. Ya kwanza ni kwamba kazi hii huchukua muda, na mama ametoka shambani akiwa amechoka. Hoja hii ni ya kweli, nasi hatumwambii mama afanye hivi kila siku. Afanye mara moja kwa juma, siku ambayo maharage yamekwisha kuchemshwa kwa ajili ya siku mbili. Tena watoto wakubwa, wa kiume na wa kike, waweza kutoa mbegu na kujaza. Kazi hiyo huipenda kama mchezo. Hoja ya pili ni ya baba fulani fulani, wasemao kwamba chakula cha kuhesabu ni uchoyo, na kwamba mwenye nyumba hapimiwi. Twawajibu kwa heshima. Ukipenda mbili, mkeo apike saba badala ya sita. Lakini ile ya pili uipokee mtoto akiisha kumaliza yake. Baba hatakuwa mfupi kwa kukosa pilipili moja, kwa kuwa amekwisha kukua. Mtoto ana miaka michache tu ya kujengewa kimo chake, na miaka hiyo ikipita ni vigumu sana kuirudisha.

Kwa mtoto mchanga neno letu ni hili. Aliye chini ya miezi 6 chakula chake ni maziwa ya mama peke yake. Akiisha kupita hapo, mama atenge vijiko vichache vya mchanganyiko kabla ya kutia chumvi, avichanganye na viazi au boga, avisage hata viwe laini kabisa, amlishe pamoja na kuendelea kumnyonyesha. Karanga ziwe zimetwangwa hata kuwa unga, asije akapaliwa.

Tumesoma katika Maandiko habari za Danieli na wenzake huko Babeli, jinsi walivyokataa vyakula vya mfalme wakaomba vya shambani na maji, na baada ya siku 10 nyuso zao zikawa njema kuliko za wenzao. Hatuwaahidi wasomaji kwamba mtoto atarefuka kwa siku 10. Kimo hujengwa polepole, kwa chakula cha kila siku, kwa maji safi, na kwa afya ya mama yake. Lakini twajua kwamba maharage yaliyo tumboni mwa mtoto humfaa kuliko maharage aliyoyaona bakulini.

Basi, akina mama na akina baba, tunawaomba mjaribu jambo hili Jumapili ijayo baada ya ibada, kwa mboga zilizo bustanini mwenu. Nanyi mkiisha kumshukuru Mungu kwa chakula, kabla hamjanyosha mikono, mtazameni aliye mdogo kuliko wote hapo mezani, mwone kama fungu lake lipo.