Maneno ya Mgonjwa Usiku

Sisi tunaotembelea wagonjwa hapa Mpanda tumejifunza kwamba upasuaji hauishii kwenye chumba cha upasuaji. Mgonjwa, hasa mzee, anaweza kuamka salama kutoka nusukaputi, akasalimia wote, kisha siku ya pili au ya tatu akaanza kuweweseka. Mchana anapata nafuu. Usiku anang'oa dripu na kuwaita waliokwisha kufa. Wengine hawapigi kelele, bali wanasinzia tu na hawajibu.

Tulimkuta mama mmoja katika hali hiyo, siku ya tatu baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo. Usiku alikuwa amemnyooshea kidole mkwewe, mke wa mwanawe mdogo, akisema ndiye aliyemloga. Mwanawe mkubwa akatuambia, "Mchungaji, mama hajawahi kusema uongo. Tunamtoa hapa leo. Na huyu shemeji arudi kwao."

Tulimwomba asubiri, tukamwita muuguzi. Daktari alikuja, akampima, akakuta maambukizi kwenye njia ya mkojo. Akatueleza kwamba akili ya mzee baada ya upasuaji huweza kuyumba kwa maambukizi, maumivu, upungufu wa maji, dawa kali au kukosa usingizi, na kwamba tiba ni kutafuta chanzo. Ndugu wakae karibu, wamwambie alipo na ni siku gani, wampe miwani yake, wasibishane naye. Baada ya siku kadhaa mama alitulia. Hakukumbuka alichosema. Aliomba uji, na mkwewe ndiye aliyemnywesha.

Kwetu jambo hili si dogo. Katika mikoa hii ya magharibi wazee, hasa akina mama, wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Neno moja la mgonjwa aliyechanganyikiwa laweza kuvunja nyumba, hata kumwaga damu. Amri ya Nane inakataza ushuhuda wa uongo, na Luther katika Katekisimo Ndogo anatufundisha kumtetea jirani na kuyaeleza mambo yake kwa wema. Tunaamini amri hiyo inamlinda mkwe aliyetajwa, na inamlinda pia mgonjwa, ili ugonjwa wake usigeuzwe ushahidi.

Kwa hiyo wodini hatukimbilii kukemea pepo. Tunamwita daktari, tunamshika mgonjwa mkono, tunamtaja kwa jina lake la ubatizo, na tunasali naye Baba Yetu polepole. Akishindwa kuitikia, tunaitikia kwa niaba yake.