Miaka Yangu na Daftari la Chama

Nilisomea biashara na utawala kwa sababu baba aliamini kwamba binti anayejua kufunga hesabu hatakosa kiti katika ofisi za migodi ya Kolwezi, nchini Kongo. Alikuwa na sababu ya kuamini hivyo. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya migodi ya Gécamines, iliyorithi migodi ya Union Minière mwaka 1967, ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, na mji mzima uliishi chini ya kivuli chake. Hospitali ilikuwa yake, shule zake, nyumba za mitaa ya Kapata, Luilu na Musonoie zake. Gunia la unga wa mahindi lilifika nyumbani kila mwezi, na wake za wafanyakazi walikuwa na foyer yao ya kujifunza kushona na kupika. Kisha, Septemba 1990, mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto uliporomoka. Kufikia 1994 shaba iliyotoka haikufika sehemu moja ya kumi ya ile ya zamani. Nilipopata diploma ya serikali, viti vilikuwa vimekwisha. Padri wa parokia yetu akanipa daftari la sadaka nilitunze, na huo ndio ukawa mwanzo wa kazi yangu.

Daftari lile lilinifundisha jambo moja ambalo sijaacha kulifuata. Mishahara ilipokauka mjini, sadaka ya Jumapili ilishuka wiki hadi wiki, lakini mchango wa kilio haukushuka. Mtu akifa, makuta, yaani fedha, yalipatikana, hata katika nyumba zilizokula bukari, ugali wetu, mara moja kwa siku. Nililifikiria sana jambo hilo. Katika kilio kila mtu aliona jina lake likiandikwa, akaona jeneza limenunuliwa, akajua kilichobaki amepewa mjane. Watu walitoa kwa sababu walijua sandukuni mna nini na kimekwenda wapi.

Vyama vilivyokuwepo wakati huo vilikuwa zaidi vya kabila, watu wa asili moja wakichangishana kwa msiba, arusi na safari ya mgonjwa. Vimewafaa wengi na sivibezi. Lakini nilikuwa msichana wa shule mwaka 1992 na 1993, majirani zetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa mkoani kwetu Katanga. Familia nzima nzima zililala kwenye stesheni za reli za Kolwezi na Likasi zikingoja treni, na wengi walifia pale pale, hasa watoto. Rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja aliondoka hivyo, na sikumwona tena. Ndiyo maana, mwaka 2004, tulipokusanyika akina mama wachache katika ua wa jirani yangu kule Kapata kuanzisha chama chetu, sharti la kwanza nililoandika lilikuwa kwamba mwanachama haulizwi kabila. Hakuna aliyepinga. Kila mmoja pale alikuwa na stesheni yake kichwani.

Kilichotukusanya kilikuwa njaa. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Kiinua mgongo kilipokwisha, waume wengi walichukua sururu na kwenda kuchimba madini kwa mikono, na wanawake pamoja na watoto wakawa wanaosha mawe kwa ujira wa siku, wakiwa ndani ya maji hadi magotini tangu asubuhi.

Sanduku letu lilikuwa la chuma, lenye kufuli tatu, kazi ya fundi wa kuchomelea wa pale pale mtaani. Funguo zilikaa kwa wanawake watatu wasio ndugu, sanduku lenyewe likakaa kwa wa nne. Jumamosi alasiri lilifunguliwa mbele ya wote. Kila mama aliweka hisa zake, kuanzia moja hadi tano, mhuri ukagongwa kwenye kijitabu chake, kisha nikasoma kwa sauti jumla ya akiba, mikopo iliyo nje na mfuko wa msiba. Wengi hawakujua kusoma. Basi tukakubaliana kwamba kila mmoja akariri hesabu ya mwisho na kuitaja wiki inayofuata kabla ya kufuli kufunguliwa. Nimefanya kazi baadaye na mashirika yenye kompyuta na wakaguzi wa nje, na bado naona kanuni hiyo ndiyo ulinzi bora wa fedha za watu niliowahi kuuona.

Mikopo ya mwanzo ilinunua makaa, unga wa mandazi, samaki wa ziwa Nzilo. Mwanamke aliyekuwa akiosha mawe akapata meza sokoni. Mwaka uliofuata tukaanza kulipia watoto shule, maana elimu ya msingi ya bure ilikuja kutekelezwa kikweli 2019 tu. Watoto walirudi darasani mmoja mmoja, warefu kuliko wenzao, wakikaa nyuma kabisa kwa haya. Nilikuwa napita shuleni kwa kisingizio cha kuchukua risiti, ili niwaone tu.

Tulipotaka kutambuliwa, tukakutana na Sheria nambari 004 ya tarehe 20 Julai 2001, inayoongoza vyama visivyo vya faida katika Kongo. Inataka katiba iliyopita kwa mnotari, na hadhi ya kisheria hutolewa na Waziri wa Sheria, huko Kinshasa. Bila karatasi hiyo mfadhili hasaini nawe, na benki inakuzungusha. Wakili kijana wa Kolwezi alituandikia katiba yote baada ya saa zake za kazi, akaisoma nasi kifungu kwa kifungu kwa Kiswahili hadi kila mama akaielewa, na hakudai hata franga. Tangu siku hizo, mtu akiniuliza namna ya kusaidia shirika dogo, namuuliza kwanza anajua kufanya nini. Mwalimu anayefundisha kusoma jioni mbili kwa wiki, muuguzi anayepima watoto, fundi anayetengeneza paa, mhasibu anayekagua daftari mara moja kwa mwaka: hawa wametubeba miaka yote.

Fedha za nje zilikuja kwa wingi baadaye. Januari 2016 Amnesty International na Afrewatch ya Lubumbashi walitoa ripoti juu ya wachimbaji wa kobalti, watoto wakiwemo, wakaifuata kobalti hiyo kutoka mashimo ya Kolwezi hadi kwenye betri za simu na magari. Ilikuwa kazi ya haki na ya lazima. Iliwafanya wenye viwanda wa mbali wajibu maswali waliyokuwa wameyakwepa. Lakini nyuma yake walifuata wageni wasiokuwa na haraka ya kitu kingine isipokuwa picha. Kuna mtoto wa mtaa wetu aliyehojiwa na watu wengi hadi akajua jibu linalotakiwa kabla swali halijaisha. Jambo hilo liliniumiza sana. Tukaweka kanuni: uso wa mtoto haupigwi picha, mtoto hahojiwi bila mzazi, na mgeni anayekuja leo aseme atarudi lini.

Wafadhili nao walileta bajeti zao zikiwa zimekwisha andikwa. Nakumbuka moja iliyokuwa na semina ya siku tatu hotelini, fulana, bango kubwa na mafuta ya gari la msimamizi. Kodi ya ofisi yetu: sifuri. Posho ya mtunza hesabu: sifuri. Na bado walitaka ripoti kila mwezi, yenye risiti hadi ya pikipiki, iandikwe na mtu ambaye hakuna aliyekubali kumlipa. Nilikataa kusaini mpaka mstari wa kodi uongezwe. Wenzangu walinisihi: “Maman, watatuacha!” Hawakutuacha. Waliongeza kodi ya nusu mwaka, wakapunguza fulana. Ninaamini kabisa kwamba mlango unaofunguliwa kila siku, na mtu anayekaa nyuma yake akijua hesabu, unamfaa mtoto wa Kapata kuliko semina kumi. Ni gharama isiyopendeza kwenye picha, na ndiyo inayoua vyama vidogo inapokosekana.

Wapo waliokuja kwa namna nyingine. Masista wa Bon Pasteur walifika Kolwezi mwaka 2012, wakiongozwa na Sista Catherine Mutindi kutoka Kenya, wakaanza kazi katika mitaa ya wachimbaji kama Kanina. Waliwakusanya watoto waliokuwa migodini ili wasome, wakawafundisha watu wazima stadi na kilimo, wakawafundisha wote haki zao. Mwaka 2019 Sista Catherine alipewa Tuzo ya Opus huko Marekani. Nilifurahi kwa ajili yake, lakini nilichojifunza kwao ni kukaa. Wakazi wa mitaa walisikilizwa kabla ya kuambiwa, na mwaka uliofuata masista walikuwa bado wapo.

Mwaka huo huo wa 2019, tarehe 27 Juni, udongo uliwaporomokea wachimbaji katika eneo la Kamoto Copper Company. Serikali ilitaja watu 43 waliokufa. Mfuko wetu wa msiba uliisha kabla ya mazishi kwisha, kwa sababu misiba ilikuwa katika nyumba za pande zote. Vyama vya kabila vilileta, parokia zikaleta, Wamethodisti wakaleta, wachimbaji wenyewe wakachangishana mashimoni. Nilishinda na kukesha nikiandika majina ya watoaji na ya wajane, kwa sababu fedha za namna hiyo zisipoandikwa siku ile ile hugeuka ugomvi. Tulipomaliza, tukasoma orodha yote hadharani, wa chama hiki na wa chama kile wakisikiliza pamoja. Baada ya hapo vyama vya mitaa yetu vimeendelea kusomeana hesabu, na sioni kitu nilichosaidia kukijenga ninachokipenda zaidi.

Kutoka hapo ndipo tulipopata nguvu ya kuuliza juu ya sanduku kubwa zaidi. Sheria ya madini ya 2002 ilirekebishwa Machi 2018. Sasa kampuni inayochimba inatakiwa itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka, na isaini nazo cahier des charges, mkataba wa ahadi: kisima wapi, darasa wapi, zahanati lini. Juu ya hayo, asilimia 15 ya mrabaha wa madini ni ya komini au sekta ambamo mgodi umo. Hizi si sadaka za mtu. Ni haki iliyoandikwa, na kiasi chake kinapita misaada yote niliyowahi kuiingiza katika daftari. Lakini nani anayeisoma mikataba hiyo? Imeandikwa kwa Kifaransa cha mawakili, na nakala hukaa makabatini.

Basi miaka hii ya mwisho nimekuwa nikiwafundisha wanawake, na vijana wachache wanaokubali kukaa nao, kuusoma mkataba wa ahadi kama tulivyolisoma sanduku letu. Nini kiliahidiwa, kwa kiasi gani, nani alisaini, kiko wapi. Katika mkutano mmoja bwana wa kampuni alituambia kwa upole, “Bamaman, haya ni mambo ya wataalamu.” Mwenzetu anayeuza samaki alisimama akamjibu, “Ndiyo, papa. Ndiyo maana tumekuja.” Kisha akataja kiasi kilichoandikwa kwenye ukurasa wa tatu, bila kutazama karatasi.

Wanasheria nao wanahitaji kumbukumbu za namna hii. Septemba 2023 IBGDH, shirika la haki za binadamu la hapa Kolwezi, pamoja na Amnesty walitoa ripoti juu ya familia zilizohamishwa kupisha migodi, wakiwemo wakazi wa Cité Gécamines katikati ya mji. Mtu anayedai fidia huulizwa karatasi: hati ya kiwanja, risiti ya matofali, picha ya nyumba ilipokuwa imesimama. Tumewaambia wanachama wote waziweke karatasi hizo kwenye mfuko wa plastiki, na nakala ikae nje ya nyumba, kwa ndugu au kwa chama. Anayetaka kutusaidia na hana zaidi ya mashine ya fotokopi ana msaada mkubwa mkononi.

Mwaka 2025 ulikuwa mgumu. Marekani ilivunja USAID na kukatisha miradi, na ofisi kadhaa nilizozifahamu zikafungwa, magari yakarudishwa, vijana waliosoma wakarudi nyumbani. Februari serikali yetu ikasimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, na sokoni makuta yakaadimika. Tulipunguza mikopo, tukaongeza muda wa kulipa. Sanduku halikufungwa, maana halikuwahi kutegemea mkono mmoja. Lakini kodi ya ofisi ilitusumbua, na aliyeilipa ni binti wa mwanachama wetu anayefanya kazi Ubelgiji, pamoja na rafiki zake. Alituma ya mwaka mzima, hakuomba picha, akaomba tu asomewe hesabu kwa simu siku ya Jumamosi. Tunamsomea.

Sishiki tena daftari. Analo kijana wa kike aliyekuwa mmoja wa wale watoto warefu waliokaa nyuma. Mimi niko kwenye kamati ya mkataba wa ahadi. Tumepata orodha ya visima vilivyoandikwa kuwa vimekamilika katika vijiji vya barabara ya Mutshatsha. Mwezi ujao tutavipitia kimoja kimoja, tukiandika kipi kinatoa maji na kipi hakipo, na tunatafuta mtu mwenye pikipiki na mwingine anayejua kuchora ramani.