Tela la dola 8,200 na sukari ya Mama

Kwa miaka miwili dada yangu anayeishi Houston, Texas, alikuwa akiweka pembeni fedha kidogo kidogo mpaka zikafika dola 10,000. Hazikuwa za kiwanja wala za harusi. Zilikuwa za kununua nyumba ya magurudumu iliyotumika, ili Mama yetu akienda kuwaona wajukuu familia iweze kutoka naye nje ya mji.

Mama ana miaka 68. Ana kisukari, anajichoma insulini mara mbili kwa siku, magoti yamechoka, na safari ya zaidi ya saa moja bila choo kwake ni adhabu. Mara ya mwisho alipokwenda huko alikaa wiki sita sebuleni akitazama runinga asiyoielewa lugha yake, huku wajukuu wakienda matembezini na baba yao. Aliporudi Muheza, majirani walimuuliza Marekani ikoje. Akajibu ameona zulia na dirisha.

Safari hii nilimsindikiza, likizo yangu yote ya mwaka ikaishia huko. Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika habari za afya, dada aliniambia mapema nisimharibie furaha kwa kumwona kila mtu mgonjwa. Nilimwahidi nitajitahidi.

Kwanza nieleze tunazungumzia nini, maana hapa kwetu vitu hivi havionekani sana. Tulichozoea ni Land Cruiser za kukodi zenye hema juu ya paa, zile za watalii wanaojiendesha kwenda mbugani. Wenzetu wana aina mbili kubwa. Ipo gari-nyumba, yaani basi au gari lenye injini yake, ambalo nyuma ya dereva kuna vitanda, jiko, choo na meza. Halafu lipo tela, ambalo halina injini. Unalifunga nyuma ya pikapu na kulivuta, ukifika unalifungua, unabaki na gari la kwenda dukani.

Dada alitaka gari-nyumba. Aliona moja ya mwaka 1998, ina kitanda juu ya kichwa cha dereva, bei dola 9,000, na muuzaji akisifu kwamba limetembea maili chache. Ukishawahi kununua Noah iliyotumika hapa Dar utakuwa unaijua sifa hiyo. Shemeji, ambaye ni fundi umeme na haongei sana, alizunguka lile gari mara mbili, akasema kwamba gari lililokaa miaka bila kutembea huoza likiwa limesimama: mipira ya breki hukauka, mafuta huganda, panya hula nyaya. Na sisi tungekuwa na injini mbili za kutengeneza, ya pikapu na ya hili. Kingine ni watoto. Wapo watatu, mdogo ana miaka minne, na viti vingi vya nyuma katika magari haya hutazama upande. Kiti cha mtoto hakipaswi kufungwa kwenye kiti kinachotazama upande, maana hakikutengenezwa kuhimili ajali ya namna hiyo. Basi hoja ikaisha. Watoto wangekaa ndani ya pikapu ya milango minne kwenye viti vyao, tela lifuate nyuma likiwa tupu. Sheria ya Texas yenyewe inakataza mtu kukaa ndani ya tela la kulala wakati linavutwa.

Ukienda kwenye tela, swali la kwanza ni uzito, na hapa ndipo watu wengi wenye bajeti ndogo hudanganyika. Muuzaji atakutajia uzito wa tela likiwa tupu kabisa. Hakuna mtu anayesafiri na tela tupu. Lita 150 za maji ni kilo 150. Ongeza mitungi ya gesi, betri, vyombo, magodoro, nguo za watu sita na gunia la mkaa ambalo shemeji haachi. Namba ya kuangalia ni ile ya uzito wa juu kabisa iliyoandikwa kwenye lebo karibu na mlango wa tela, uilinganishe na uwezo wa gari lako ulioandikwa kwenye kitabu chake, kisha uangalie lebo ya mlango wa dereva inayosema gari lenyewe libebe kiasi gani. Kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela hukalia ndoano ya nyuma ya gari. Ikipungua hapo, tela huanza kutikisa mkia barabarani, na mkia ukishatikisika kwa mwendo mkali dereva hupata taabu kubwa kulidhibiti.

Tela la kwanza tulilokwenda kuliona lilikuwa la mwaka 2006, bei dola 5,500. Dada alishaanza kupiga hesabu ya kiasi kitakachobaki. Ndani lilikuwa safi, mapazia mapya, na lilinukia mno marashi ya nyumbani. Nilimwomba muuzaji atufungie mlango na madirisha kwa dakika kumi tukiwa nje. Tulipofungua tena, chini ya marashi kulikuwa na harufu ya kabati la nguo mwezi wa masika. Shemeji alikanyaga sakafu pembeni ya choo, ikabonyea. Ukuta wa nje, ule wa faiba, ulikuwa umevimba sehemu moja kama chapati.

Mtoto wa kati wa dada ana pumu. Ukungu ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana vizuri kuamsha pumu, na hapo angelala katika chumba kidogo chenye dirisha moja, pua yake sentimita chache kutoka kwenye ukuta uliolowa. Maji yakishaingia kati ya kuta za tela, mbao za ndani huoza taratibu bila mtu kuona. Kulitengeneza huwa ni kuubomoa ukuta mzima.

Mwaka wenyewe pia ulinigusa. Baada ya kimbunga Katrina cha Agosti 2005, shirika la serikali ya Marekani la kushughulikia maafa, FEMA, liliwapa waathirika matela zaidi ya laki moja ya kuishi. Watu wakaanza kulalamika macho kuwasha, pua kutoka damu, watoto kukohoa. Mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, kituo cha kudhibiti magonjwa cha nchi hiyo, CDC, kilipima hewa ndani ya matela 519 huko Louisiana na Mississippi, kikakuta wastani wa sehemu 77 za formaldehaidi katika kila sehemu bilioni za hewa, mara kadhaa ya kiwango cha kawaida cha nyumba za huko. Formaldehaidi hutoka kwenye gundi ya plaiwudi na mbao za kubandika. Baadaye matela mengi yaliuzwa kwa mnada yakiwa na kibandiko kinachosema yasitumike kama makazi, na vibandiko, kama tujuavyo, hubanduka.

Sikusema lile tulilokuwa tukilitazama ni mojawapo. Gesi hii hupungua kadiri miaka inavyopita, ingawa joto na unyevu huiongeza, na Houston ina vyote viwili kwa wingi. Kwangu mimi ukungu peke yake ulitosha. Dada alikasirika. Aliniambia kwenye gari, kwa Kiswahili ili watoto wasielewe haraka, kwamba ninaingiza habari za gazetini kwenye mfuko wake. Mama akamwambia, kwa upole wake wa kutisha, kwamba mfuko ni wake lakini kifua ni cha mtoto. Tulirudi nyumbani kimya.

Siku tatu baadaye tukapata jingine, la mwaka 2013, urefu kama mita saba, likiuzwa na wazee wawili waliochoka kusafiri. Bei dola 9,500. Safari hii niliomba twende na Mama mpaka ndani, maana ndiye angelitumia. Akapanda ngazi tatu akishika mlango, akakaa kitandani, akanyanyuka, akaingia chooni, akafunga mlango, akakaa kimya muda mrefu hata mwenye tela akaanza kuhangaika. Kisha sauti ikatoka ndani: "Wekeni kishikio hapa mkono wa kulia." Wanunuzi wengi huangalia jiko na runinga. Mgonjwa wa magoti huangalia urefu wa choo.

Shemeji alisoma tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni mwa matairi. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Kashata zilikuwa nzima kabisa, lakini matairi yalikuwa na miaka tisa. Tairi la tela huchakaa kwa jua na kwa kukaa zaidi ya kwa mwendo, na likipasuka kwa kasi hupasua na sakafu. Hilo likaenda kwenye kupatana bei. Dada naye alichukua namba ya utambulisho wa tela akaiingiza kwenye tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani, NHTSA, inayoonyesha bure kama kiwanda kiliwahi kuita bidhaa hiyo irudishwe kwa kasoro, kisha akalinganisha namba hiyo na iliyo kwenye kadi ya umiliki. Houston ilizama kwa mafuriko ya kimbunga Harvey mwaka 2017, kwa hiyo wenyeji huikagua kadi wakitafuta alama ya gari lililowahi kuharibika.

Halafu akalipa dola 450 kwa mkaguzi wa kujitegemea. Ilimuuma. Kutoa fedha hizo kwa kitu ambacho bado si chako, na ambacho huenda usikinunue, kunahitaji moyo. Mkaguzi alikuja na kipima unyevu, akapanda juu ya paa, akajaza maji, akawasha kiyoyozi kwa saa nzima, akapima uvujaji wa gesi. Alikuta mpasuko mdogo kwenye gundi ya kuzibia pembeni ya tundu la hewa la paa, mbao za chini zikiwa bado kavu. Na alikuta kengele mbili, ya gesi ya kupikia na ya kaboni monoksaidi, zote zimepita muda wake. Kengele hizi huandikwa tarehe nyuma, na baada ya miaka kadhaa hazifai hata kama taa yake inawaka.

Hapo nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili ni letu pia. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Hutoka kwenye jenereta, kwenye hita ya gesi isiyo nzima, na kwenye lile jiko la mkaa ambalo watu wa Njombe, Makete na Mbeya huliingiza chumbani usiku wa baridi. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, hudhani ni malaria au mafua, hulala, haamki. Marekani peke yake, kwa mujibu wa CDC, gesi hii huua zaidi ya watu 400 kwa mwaka, bila kuhesabu moto. Kengele mpya mbili zilimgharimu dada chini ya dola 120. Shemeji akaambiwa mkaa wake ukae nje, na jiko lisitumike kupasha chumba moto hata siku moja.

Bei ilishuka mpaka dola 8,200. Matairi manne, betri, kengele, gundi ya paa na kishikio cha Mama vikala karibu dola 1,000 nyingine, ukiweka na mkaguzi unaikaribia 10,000 yote. Nasema hivi kwa wale wenye ndugu huko wanaodhani tela ni njia ya kubana matumizi. Kuna bima, kuna ada ya kambi kila usiku, kuna mafuta, na kuna dola 65 kila mwezi za kulilaza uwanjani kwa sababu mtaa wao hauruhusu kuliegesha barabarani. Kwa familia inayosafiri mara moja kwa mwaka, hoteli ni rahisi zaidi. Dada alijua hivyo. Alichokinunua ni choo kilicho karibu na friji ya insulini.

Friji yenyewe ilitupa kazi. Friji nyingi za matela ya umri huo hutumia gesi au umeme na hupoza taratibu sana, hivyo inabidi ziwashwe tangu jana yake, na tela likisimama limeinama hazifanyi kazi vizuri. Insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikiganda, hata kama imeyeyuka baadaye, inatupwa. Niliweka kipimajoto kidogo ndani, nikakuta karibu na mapezi ya nyuma ni nyuzi 0 na mlangoni ni 6. Dawa ikakaa mlangoni, ndani ya kopo. Mama alinitazama nikihangaika, akasema Muheza umeme ukikatika yeye huiweka kwenye chungu chenye mchanga mbichi na haijawahi kuharibika.

Aprili tukaenda Garner State Park, kando ya mto Frio, kilomita kama 450 kutoka Houston. Tulisimama mara saba. Kila tuliposimama Mama alishuka, akapanda ngazi zake tatu, akashika kishikio chake, akatoka bila kumwomba mtu samahani. Mchana mmoja aliketi kwenye kiti cha kukunja miguu ikiwa majini, wajukuu wakimletea mawe. Yule wa kati alilala usiku zote nne bila kukohoa. Asubuhi ya mwisho sukari ya Mama ilikuwa 7.1 kabla ya kula, akamwambia shemeji aniandikie namba hiyo mahali nisije nikaitia chumvi gazetini.

Wiki iliyopita mvua kubwa ilinyesha Houston. Dada alinitumia video ya dakika mbili ya dari la tela, haina mtu wala sauti, ni dari tu, kona hadi kona, kavu.