Sake: Mama aliyerudi toka kambi auguza kuku wa kugawana

Katika mji mdogo wa Sake, kilometa zipatazo 25 magharibi mwa Goma, mama mmoja mwenye watoto wanne amemaliza siku tano akiuguza kuku aliyekataa kula. Kuna watakaosema ni kuku tu. Familia iliyorudi nyumbani mikono mitupu haiwezi kusema hivyo.

Mama huyo alikuwa mhami huko Bulengo, pembeni ya ziwa Kivu. Mwezi wa Februari 2025, kambi za kandokando ya Goma zilipotawanyika, alirudi na watoto, sufuria mbili na bashe moja. Nyumba aliikuta haina mabati wala mlango. Kuku aliowaacha, hakukuta hata unyoya. Jirani yake, mjane mzee, ndiye aliyempa kuku jike kwa desturi ya kugawana: unamfuga, vifaranga vikikua mnagawana nusu kwa nusu, kuku mwenyewe anabaki wa mwenye mali. Vifaranga hivyo ndivyo mama alivyotegemea kwa madaftari ya watoto.

Siku moja asubuhi kuku alisimama pembeni ya ukuta, manyoya yamevimba, macho yanafumba. Watoto walimtupia mahindi. Aliyaangalia, akageuka.

«Chinja leo, Mama. Kesho utatupa mzoga,» jirani mwingine alimwambia. Watoto walisikia, na ni siku nyingi hawajaonja nyama. Lakini mama alikataa. Kwanza, kuku si wake. Pili, ugonjwa haujulikani, na damu na manyoya ya kuku mgonjwa vinaweza kupeleka ugonjwa kwa kuku wa mtaa mzima. Wakaaji wengi wanaikumbuka tauni ya kuku, ile wanayoiita Newcastle, inavyoweza kumaliza banda zima kwa siku chache.

Kabla ya kutafuta dawa, alienda kwa mwenye mali.

«Mama, kuku wako ni mgonjwa. Nimeona nikuambie mapema.»

Mjane alikaa kimya kidogo, kisha akajibu: «Angekufa bila mimi kujua, hapo ndipo ujirani ungeharibika. Sasa nenda umuuguze, binti yangu.»

Mganga wa mifugo aliyemkuta sokoni hakuuza dawa mara moja. Aliuliza kwanza: mavi yake ni ya kijani? Yana damu? Shingo imepinda? Anahema kwa shida? Yote hapana. Ndipo akamwambia ashike gole alfajiri, kabla kuku hajaonja kitu. Gole ni kile kifuko kilicho chini ya shingo, ambamo chakula hukaa kwanza. Kuku mzima akiamka, gole lake ni tupu, sababu chakula kimeshuka usiku. La kuku huyu lilikuwa limejaa, gumu kama kiazi. Alikuwa amemeza majani makavu na nyuzi za mifuko ya zamani iliyozagaa uani, vikafungana ndani.

Mama alimtenga kuku ndani ya katoni yenye majani makavu, karibu na jiko lakini mbali na moshi. Mahindi aliyaondoa. Alimpa maji ya vuguvugu na matone machache ya mafuta ya kula, tone kwa tone pembeni ya mdomo. Hakumimina kooni, maana tundu la pumzi la kuku liko nyuma tu ya ulimi. Maji yakiingia humo yanafika kwenye mapafu. Halafu alikanda gole polepole kwa vidole, mara nne kwa siku. Wengine walimshauri amning'inize kichwa chini ili atapike. Mganga alikuwa amemkataza: kuku anaweza kupaliwa na kufa.

Siku ya tatu gole lilianza kulainika. Sasa alihitaji chakula chepesi: uji wa majimaji na kiini cha yai kilichochemshwa na kupondwa. Hapo mama alisita. Yai moja lilikuwa limebaki nyumbani, na mtoto wake mdogo naye ni mwembamba. Alilichemsha, akalipasua, akatoa kipande cha kiini kwa kuku, kilichobaki chote akampa mtoto. Watoto wakubwa waliangalia bila kusema kitu.

Siku ya tano kuku alidona jani la lengalenga mkononi mwa mtoto, bila kulazimishwa. Bado ni mwepesi, lakini asubuhi gole ni tupu. Uani, watoto wameokota nyuzi zote na kuzichoma.

Kwa familia zingine zinazofuga, kwenye kambi au zilizorudi: kuku akikataa kula, mtenge siku hiyohiyo, na unawe mikono kabla ya kushika wengine. Mkishika gole alfajiri mtajua mengi bila kulipa kitu. Mavi yakiwa ya kijani na shingo ikipinda, inaweza kuwa tauni. Hiyo haina dawa. Chanjo ndiyo kinga, tena kabla ugonjwa haujafika, na ile ya tone la jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kuku aliyekufa azikwe kwa kina au achomwe, asitupwe ziwani wala kuuzwa sokoni. Dawa za antibiotiki zisitolewe kwa kubahatisha, maana hubaki ndani ya nyama na mayai.

Kuku wa Sake hajaanza kutaga tena. Mama na mjane wamepatana kungoja, na mapatano yao ya nusu kwa nusu hayajabadilika.