Milimita Moja ya Jicho

Sisi wasemaji wa Kiswahili wa Yeoville, tuliotoka Bukavu, Kigoma na Mombasa, tuna wazee wanaosubiri kutolewa mtoto wa jicho. Tunahesabu miezi ya foleni, lakini siku ya vipimo tunaiona ya kupita tu. Kumbe ndiyo inayoamua mzee ataona vipi.

Mwaka 1949, huko London, daktari Harold Ridley alipandikiza lenzi ya bandia ndani ya jicho, na ndiko ilikoanzia njia ya kuwaondolea wagonjwa miwani minene. Lenzi hiyo ina namba yake. Namba hutokana na vipimo viwili vikuu: mviringo wa uso wa jicho, na urefu wake kutoka mbele hadi nyuma, ambao kwa watu wazima wengi hukaribia milimita 23 na nusu. Wakikosea milimita 1, mzee atadai miwani ya namba 2 na nusu au zaidi.

Mashine ya mwanga hupima bila kugusa jicho. Ila mtoto wa jicho akikomaa mno, mwanga haupiti. Hapo hutumika mawimbi ya sauti, na kifaa kikigandamiza jicho kidogo tu, urefu unaosomwa hupungua. Kuchelewa, basi, hutatiza hata kipimo.

Tena mzee huambiwa kwa Kiingereza au Kizulu atazame mbele, asitikisike. Bibi asiyejua lugha hizo hugeuka kumtafuta anayesema. Ndugu zetu, tuwasindikize. Kazi yetu ni maneno machache: "Bibi, tulia, tazama ile taa."